Jangwa la Oman, njia ya Mtowa na dada wa promosyo yetu



Mwezi uliopita dada mmoja wa promosyo yetu alinitumia video kwa WhatsApp. Sitaandika jina lake, ndivyo alivyoniomba. Wengine mtamfahamu: alimaliza lisansi pamoja na sisi, akakaa Kalemie miaka mitatu akitafuta kazi, akauza ndagala na mama yake pale soko, halafu akaondoka. Leo anafanya kazi Oman, kwenye kambi ya watalii, katika jangwa linaloitwa Sharqiya. Zamani liliitwa mchanga wa Wahiba, kwa jina la kabila la Mabedui wanaoishi pale.

Video ni fupi. Gari la magurudumu manne linapanda kilima cha mchanga, linasimama juu kabisa, kisha linateremka upande wa pili kama linaanguka. Ndani watalii wanapiga kelele. Mwishoni kamera inageuka, unaona mahema, mazulia, jiko la mkaa. Sauti ya dada inasema: "Ona bazungu banalipa makuta juu ya kuogopa. Sisi kwetu tunaogopa bure."

Nilicheka sana. Lakini ujumbe wa pili haukunichekesha.

Siku yake ya kupumzika alifuatana na dereva wa kambi mpaka mji wa Ibra kununua vitu. Dukani akasikia mzee akiongea Kiswahili kwenye simu, Kiswahili cha Unguja. Akamwamkia: "Shikamoo, babu." Mzee akafurahi. Akamwambia alizaliwa Unguja, familia yake ilihama baada ya mapinduzi ya 1964. Akauliza: "Kwenu wapi, binti yangu?" Kalemie. Mzee hapajui. Congo, ng'ambo ya Kigoma, ng'ambo ya Ujiji. Hapo mzee akanyamaza kidogo, akasema: "Aa. Kumbe wewe Mmanyema." Hakuuliza tena. Alilipa sukari na sabuni za dada, akamtakia heri, akaondoka.

Dada akanitumia hii: "Ndugu, weye ulisoma historia. Juu ya nini ule mzee alinyamaza? Na mi si Mmanyema, niko Muholoholo. Nielezee."

Nilimwambia jibu haliwezi kuingia mu ujumbe wa sauti. Basi naliandika hapa, kwa sababu swali lake linatuhusu wote.

1. Mchanga wenyewe

Tuanze na mahali. Jangwa la Sharqiya liko kusini-mashariki ya Muscat, mji mkuu wa Oman. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni karibu kilomita 180, upana kilomita 80, eneo lote kama kilomita za mraba 12,500. Maana yake ni karibu sehemu moja ya kumi ya provensi yetu ya Tanganyika. Upande wa kaskazini vilima vya mchanga vinafikia mita 100.

Watalii wanakuja hasa kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu, kwa sababu kiangazi joto linapita digrii 45. Wanapanda ngamia. Wanateleza juu ya mchanga na ubao, kama vile batoto ba kwetu wanavyoteleza kwenye udongo wa mvua. Wanakaa juu ya kilima jioni kuangalia jua likizama, wanalala hemani kuhesabu nyota. Na hiyo michezo ya magari. Dada alinieleza kazi ya dereva: kabla ya kuingia mchangani lazima asimame apunguze hewa kwenye matairi, ili tairi ilale, ipanuke, ikanyage mchanga kama mguu wa ngamia. Asipofanya hivyo anazama. Akipanda kilima lazima apande moja kwa moja. Akijaribu kugeuka katikati ya mteremko gari linaweza kubingirika. Wakitoka, wanajaza hewa tena katika mji wa Bidiyah, pembeni ya mchanga, na safari imekwisha.

Mabedui wenyewe leo wanaendesha pikapu. Ngamia bado wako wengi, wanawapenda, wanawashindanisha mbio. Lakini Bedui mwenye haraka ya kufika hospitali hapandi ngamia. Anayelipa kwenda polepole ni mgeni.

Mambo haya si ya zamani sana. Mpaka mwaka 1970, Sultani Qaboos alipochukua utawala, Oman nzima ilikuwa na barabara ya lami ya kilomita chache tu. Mwingereza Wilfred Thesiger alipita mchanga wa Wahiba kwa ngamia mwaka 1949, baada ya kuvuka mara mbili jangwa kubwa zaidi, Rub' al-Khali. Alikuwa na njaa na kiu, na alijificha kwa sababu wakuu wengine hawakutaka Mkristo apite kwao. Mwaka 1959 alitoa kitabu chake, Arabian Sands, ambacho bado kinasomwa. Watalii wengi wanaolala kambini leo wanatafuta kipande kidogo cha ile safari ya Thesiger, pamoja na chai ya moto na bafu.

2. Njia kutoka Ibra mpaka kwetu

Sasa mzee. Ibra ni mji wa kale, mlango wa jangwa lile. Una mashamba ya mitende yanayonyweshwa na mifereji wanayoiita falaj, na una majumba makubwa ya zamani, mengine yamebomoka. Watalii wanapelekwa kuyaona kabla ya kuingia mchangani. Wanaambiwa kwamba yalijengwa na wafanyabiashara. Ni kweli. Lakini biashara gani, na wapi?

Mwanahistoria akisikia Ibra, anasikia jina la Waharthi. Ni kabila kubwa la Sharqiya, na watu wake walikuwa wa kwanza kati ya Waarabu walioingia ndani ya Afrika ya Mashariki. Sultani Said bin Sultan alipohamia Unguja, karibu mwaka 1840, misafara ilikuwa imeanza kupanda kutoka Bagamoyo kuelekea bara. Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi wa 11 mwaka 1857, aliyewapokea ni Snay bin Amir, Mharthi. Burton aliandika kwamba mtu huyo alianza maisha akiuza vitamu Muscat, na baada ya miaka 16 akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa. Miezi michache baadaye, mwezi wa pili wa 1858, Burton na Speke wakafika Ujiji. Wakaona ziwa letu.

Waarabu walikuwa wamelivuka kabla yao. Ng'ambo ya huku, bandari yao ilikuwa Mtowa, kaskazini ya mji wetu. Kutoka Mtowa njia iliingia bara mpaka Kasongo na Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Nchi ile ndiyo Manyema. Pembe zilitoka huko, na watu walizibeba. Wengine walikuwa wapagazi wa kulipwa, wengine walikuwa wamekamatwa. Walishuka mpaka Mtowa, wakavuka kwa mitumbwi na majahazi mpaka Ujiji, halafu wakatembea zaidi ya kilomita 1,000 mpaka pwani. Waliobaki hai waliuzwa Unguja kwenye mashamba ya karafuu, na wengine walivushwa bahari mpaka Oman, kufanya kazi kwenye mitende.

Sasa angalia lile jina. Pwani hawakuuliza kama wewe ni Muholoholo, Mtabwa, Muhemba ao Mluba. Ulikuwa umetoka ng'ambo ya ziwa: basi, Mmanyema. Jina la nchi moja likawa jina la wote waliopita njia ile, watumwa, wapagazi, askari, hata wafanyabiashara. Leo Kigoma, Tabora na Dar es Salaam kuna familia zinazojiita Wamanyema kwa fahari, na wana haki. Lakini Oman, ambako utumwa ulifutwa kabisa mwaka 1970 tu, jina hilo linaweza kumgusa mzee mahali pengine. Labda mama aliyemlea alikuwa Mmanyema. Labda babu yake alinunua watu. Labda damu yake mwenyewe imetoka kwetu, na nyumbani halizungumzwi. Sijui, na dada hajui. Ninachoweza kusema ni kwamba kunyamaza kwake hakukuwa ubaya. Ile barabara ya wagonjwa, wafu na pembe ilipita ghafla katikati ya duka, kati ya sukari na sabuni.

Nisiseme kama kwamba Waarabu tu walifanya. Wanyamwezi walikuwamo, Wamanyema wenyewe walikuwamo, na wako watemi wa huku waliouza jirani zao. Na waliokuja kuizima biashara ile walikuwa na hesabu zao. Mwishoni mwa mwaka 1891 kapteni Mbelgiji Jacques, aliyetumwa na chama cha kupinga utumwa, alijenga ngome kwenye ziwa, akaiita Albertville, jina la mwanamfalme Albert. Mwaka 1892 ilizingirwa na watu wa Rumaliza, mkubwa wa Ujiji, ambaye jina lake kamili lilikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani. Ukoo wa Barwani ni tawi la Waharthi walewale. Kwa hiyo jina la kwanza la mji wetu kwenye karatasi limetoka katika vita kati ya mtu wa Ubelgiji na mtu wa ukoo wa Ibra. Wabelgiji walishinda. Nkambo zetu waliendelea kubeba mizigo, sasa ya Bula Matari.

3. Nani anaitwa msafiri

Kuna mtu mmoja ningependa watoto wa Kalemie wamfahamu. Anaitwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alikamatwa utotoni, akauzwa, akapelekwa mpaka India. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Afrika. Alitembea na Burton na Speke mpaka Ujiji, alitembea na Speke na Grant mpaka mto Nile, alikuwa na Stanley katika safari ya kumtafuta Livingstone mwaka 1871. Na mwezi wa tano wa 1874 alifika hapa petu, Lukuga, akiwa mkuu wa watu wa Verney Lovett Cameron. Cameron ndiye aliyetangaza Ulaya kwamba maji ya ziwa yanatokea Lukuga. Halafu wakaendelea kwa miguu mpaka Benguela, Angola, wakafika bahari ya Atlantiki mwezi wa 11 mwaka 1875.

Hesabu wenyewe. Cameron alivuka Afrika mara moja, akaitwa mgunduzi. Bombay alifanya safari zile zote. Chama cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha na baadaye pensheni, na hilo ni jambo jema. Lakini wengine mamia waliobeba hema, shaba, shanga na vitanda vya wazungu hao, majina yao yako wapi?

Thesiger naye alitaja wenzake: Salim bin Kabina, Salim bin Ghabaisha. Aliwapiga picha, aliwapenda, na alikiri kwamba bila wao angekufa. Lakini ona tofauti. Kiu ilikuwa moja, mchanga ulikuwa mmoja. Thesiger alikuwa na mahali pa kurudi, na alichagua kuondoka kwake. Bin Kabina alikuwa nyumbani. Ile kiu ilikuwa maisha ya kila mwaka. Kwa hiyo mmoja aliitwa mwenye ujasiri, mwingine akaitwa mwongoza njia.

Hii ndiyo hoja yangu yote, na naomba mnipinge kama naikosea: taabu inageuka kuwa mchezo mtu anapokuwa ameichagua mwenyewe na ana hakika ya kurudi. Ukiondoa moja kati ya hayo mawili, mchezo unakwisha. Hema ni lilelile. Mtalii analala ndani yake siku mbili anasema ni avantire. Dada yetu analitandika kila asubuhi, na sisi huku tunasema alienda kutafuta maisha.

Nilimuuliza: "Na weye ulisha kuteremuka mu ile mchanga na gari?" Akasema: "Mara moja, dereva alitubeba siku hakuna wageni. Nililia na kucheka pamoja." Nikamuuliza atarudi lini. Akanyamaza, kama mzee wa Ibra. Mkataba wake ni wa miaka miwili, na pasipoti yake inakaa kwa mwajiri.

Simlinganishi dada na mtu aliyefungwa mnyororo Mtowa. Hapana, hiyo ingekuwa kuwakosea wafu. Yeye alipanda ndege kwa miguu yake, anatuma makuta nyumbani, mdogo wake anasoma kwa ajili yake. Lakini mtu ambaye karatasi yake ya kurudi iko mfukoni mwa mwingine, hajawa msafiri kamili.

4. Na sisi tutauza nini?

Kila mwaka mu mikutano ya vijana wa Kalemie nasikia: tuna ziwa, tuna milima, tulete watalii. Nami nasema hivyo. Siku amani itakapokaa na barabara itakapopitika, watakuja. Lakini tuanze kujiuliza sasa tutawaambia nini.

Hadithi moja tayari wanaijua kutushinda. Mwaka 1915, wakati wa vita vya kwanza, Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka London mpaka Cape Town kwa meli, halafu kwa treni mpaka Fungurume. Kutoka pale zilivutwa kupita milima ya Mitumba kwa injini za mvuke na ng'ombe, zikapanda treni, zikashuka Lualaba, zikapanda treni tena mpaka Lukuga. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaikamata meli ya Wajerumani, Kingani, kwenye ziwa letu. Huko Ulaya hadithi hiyo inasimuliwa kama mchezo wa kuchekesha, imeandikiwa vitabu. Lakini nani alifyeka ile njia ya msituni? Nani alijenga madaraja ya miti? Injini zilipokosa maji, wanawake wa vijiji waliyabeba kichwani kujaza matangi. Mtalii atakuja Kalemie kutafuta Mimi na Toutou. Tukiwa na majina mawili tu ya boti, tutakuwa tumeuza hadithi yetu bila kuimiliki.

Na kuna jambo lingine. Tangu mwaka 2006 Tanzania imeandikisha UNESCO, katika orodha ya mahali panaposubiri kuwa urithi wa dunia, ile njia ya katikati ya pembe na watumwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Tanzania imefanya kazi yake. Haiwezi kuandikisha nchi isiyo yake. Kwa hiyo kwenye karatasi njia inaishia Ujiji, ufukoni, kama kwamba watu wale walitoka ndani ya maji. Mtowa hamna. Njia ya Kasongo hamna. Upande wetu, ambako safari ilianzia, ni sisi wa kuuandika.

Sisemi tujenge kambi na kuuza machozi. Kuna namna mbaya ya kuonyesha mambo haya, ambapo mgeni anapiga picha na mnyororo shingoni kisha anakwenda kunywa bia. Nasema kitu kidogo. Sisi wenye lisansi ya historia tunaokaa bila kazi, tuna kalamu na tuna simu. Mtowa si mbali. Wazee bado wako. Mtu mmoja akirekodi mzee mmoja, jina la njia moja, jina la kilima kimoja ambapo wapagazi walikuwa wanapumzika, huo ni mwanzo. Siku mtalii wa kwanza atakapotaka kutembea kwa miguu kutoka Mtowa kuelekea bara, atembee na kijana wa hapa anayejua nani alipita kabla yake, na anayelipwa kama mwenye elimu, si kama mbeba begi.

Nilimsomea dada maandishi haya kabla ya kuyaweka hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Andika pia kwamba ule mzee alinilipia sukari." Nimeandika. Halafu akaongeza: "Nikirudi, ile kazi ya kambi nitaifanya mi mwenyewe, pale kandokando ya ziwa. Ninajua kila kitu: vitanda, maji, chakula, bei. Minakosa tu mtu wa kuelezea bageni historia." Nikamwambia huyo mtu anaye tayari.

Bandugu, naomba msaada wenu. Kama nkambo wako alikuachia neno lolote kuhusu Mtowa, kuhusu misafara, ama kuhusu zile boti za 1915, hata kama ni jina moja tu, liandike hapa chini. Taja kijiji na aliyekusimulia. Nitayakusanya yote. Na kama una ndugu huko Oman anayepita Ibra, mwambie amsalimie mzee yeyote anayeongea Kiswahili.